"Usiwaze" Haijawahi Kumponya Mtu

Mhadhara wa muuguzi mstaafu wa afya ya akili kwa walimu, Morogoro

Walimu wangu, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika 20. Nilimwambia hazinitoshi, akacheka. Tutaona nani atacheka mwishoni.

Naanza na neno lenu wenyewe: mawazo. Tukisema fulani "ana mawazo", hatumsifu kwamba ana akili. Tunamaanisha halali usingizi, hali chakula, chai inapoa mbele yake. Kwetu kufikiri na kuumia vimepewa neno moja. Jirani zetu wa Zimbabwe nao wana lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na Daktari Dixon Chibanda alipoanza kuwafundisha bibi wa mitaani huko Harare wakae kwenye benchi na watu wa namna hiyo, mwaka 2006, neno lililotumika ni hilo hilo analolijua bibi.

Sasa sisi, mtu akituambia "nina mawazo", tunamjibu nini? "Usiwaze." Nimekaa wodini miaka 31, sijaona aliyepona kwa "usiwaze". Jaribuni hapa hapa: msiwaze mshahara. Nyamazeni kidogo, msiuwaze. Haya, nani hajauwaza? Mnaona.

Wengi wanaokuja kuniuliza habari za kutafakari kwa kukaa kimya wanadhani ni "usiwaze" ya kisasa: unakunja miguu, kichwa kinakuwa kitupu kama mtungi wa kiangazi. Mtu anakaa dakika 3, linakuja deni, inakuja ada, anakuja mkwe, anainuka anasema hili limenishinda. Mwalimu, halijakushinda. Hapo ndipo lilipokuwa linaanza.

Kuna kisa nimekisimulia mara nyingi, wanaonijua wanivumilie. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mwenyewe asitambulike. Mama mmoja akiuza wali maharage karibu na stendi. Alichukua kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Msiangaliane! Najua kadi za benki za walimu zinalala kwenye droo za kina nani. Rejesho lake lilikuwa Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi usiku hakulala hata dakika. Moyo mbio, mikono jasho, akajua amepata ugonjwa wa moyo. Akapimwa, moyo mzima. Akaambiwa, "Mama, usiwaze." Ndipo akaja kwangu.

Nikamuuliza, wapiga debe wa stendi wanafanyaje? Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Wanakushika mkono, wanakunyang'anya begi, unakwenda Iringa unajikuta umekaa kwenye basi la Dodoma." Na wewe ukipita na sufuria yako? "Nawaacha wapige kelele, napita zangu." Huwakatazi? Akaniangalia kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Nitawakatazaje, sista? Si ndiyo kazi yao."

Nikamwambia basi, umeshajua, nimebaki mimi kukuonyesha pa kukaa. Alhamisi usiku kaa kitandani, miguu chini. Sikiliza pumzi inavyoingia na kutoka puani, basi. Likija wazo "kesho wanabeba friji", usigombane nalo, liite jina: huyo ni mpiga debe wa friji. Rudi puani. Ukigundua umeshapanda basi na umefika Gairo, shuka, rudi puani. Ukitoka mara 50 rudi mara 50, kwa sababu kule kurudi ndiko kutafakari kwenyewe. Na pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Mtu anapotoa pumzi moyo hupunguza mwendo kidogo. Hilo halihitaji imani, shika mshipa wa mkono wako ujionee.

Namwona mmoja pale nyuma anasema, sista, pumzi hailipi rejesho. Hailipi! Hata panadoli hailipi. Lakini yule mama alikuwa amekwisha kukopa mara ya pili ili alipe mkopo wa kwanza, na uamuzi ule aliufanya saa nane za usiku akiwa peke yake na wapiga debe wake. Wiki ya tatu akalala Alhamisi moja. Siyo zote, moja. Kesho yake akaenda kwa dada yake, wakapiga hesabu mchana, kwa daftari. Friji ilibebwa, sitawadanganya. Alikuja kunieleza ilivyobebwa, na usiku uliotangulia alikuwa amelala.

Mwingine anasema hii ni dini ya watu. Ndugu yangu, una tasbihi mfukoni, na jirani yako ana rozari. Daktari Herbert Benson wa Harvard aliandika tangu 1975 kwamba neno moja au sala fupi inayorudiwa kwa utulivu huutuliza mwili, na kwamba dini nyingi zilikuwa nayo zamani. Ugomvi wangu na nyie ni mwingine: ulimi unahesabu uradi, moyo uko Kariakoo. Wasio na dini nao wana njia yao, ile ya kufundishwa kutafakari kwa wiki 8, aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn hospitalini Massachusetts, Marekani, mwaka 1979.

Na wiki 8 hizo si mchezo. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2022 ulichukua watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Wengine wakafundishwa njia hiyo, wengine wakapewa dawa, escitalopram. Nafuu ikawa karibu sawa. Msikimbilie kutupa vidonge! Wale walikuwa na mwalimu, na nyumbani walifanya dakika 45 kila siku. Dawa haiachwi bila daktari. Na anayesikia sauti, au anayetaka kujidhuru, au aliyeona jambo baya na akifumba macho analiona tena, huyo asiachwe na pumzi zake peke yake. Mpelekeni hospitali, leo.

Nilitaka kusema juu ya simu kitandani, na juu ya wakuu wa shule wanaotuma ujumbe saa tano usiku, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa, umeshinda.

Dakika moja tu ya mwisho, niachieni. Miguu chini. Asiyetaka kufumba macho aangalie sakafu. Vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6.

Simu ya nani hiyo? Hapana, usiikimbilie, iache iite. Nyote mmeshapanda basi lake, sivyo? Shukeni. Rudini puani. Toa, mpaka 6.