Amplifaya Ndogo ya Valvu na Spika za Kawaida

SALMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunajadili kama amplifaya ya valvu, ile inayokuza sauti kwa chupa za kioo zinazowaka badala ya transista, yenye wati 8 tu inaweza kuendesha spika za kawaida za nyumbani, au kama mwenye nayo hana budi kutafuta spika kubwa za honi, zenye mdomo kama tarumbeta, ambazo hutoa sauti kubwa kwa wati chache.

JUMA: Inaweza, Salma, ila si kwa kila spika. Chukua amplifaya inayotumia valvu moja ya 300B kwa kila upande, valvu ambayo Western Electric waliitoa mwaka 1938. Spika ikiwa inatoa desibeli 87, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1, wati zote 8 zitaongeza desibeli 9 pekee, kwa hiyo kikomo chake ni 96, na sauti hupungua kadiri unavyokaa mbali nayo.

SALMA: Lakini 96 si sauti ndogo.

JUMA: Si ndogo, ila muziki hautulii mahali pamoja. Pigo la ngoma linaweza kupanda desibeli 15 juu ya wastani, na nafasi hiyo lazima iachwe wazi. Kwa anayesikiliza kwa utulivu katika chumba kidogo, panatosha. Kwa okestra nzima katika sebule pana, vilele vya sauti, yaani sehemu zake za juu kabisa, vitakatwa kwa kukosa wati, na kwa kuwa valvu hukata taratibu, msikilizaji huona tu kwamba muziki umepoteza nguvu, asijue sababu.

SALMA: Niongeze tahadhari kwa wanaosoma vipimo vya spika. Mara nyingi kipimo hicho huchukuliwa kwa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8, yaani kipimo cha jinsi inavyozuia umeme, ni wati 1, lakini kwa spika ya omu 4 ni wati 2. Spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli 88 kwa volti hizo ni ya 85 kwa wati 1. Kwangu mimi, huo ni uuzaji wa ujanja.

JUMA: Kweli kabisa. Hata hivyo, jambo linalonishughulisha zaidi ni ukinzani wa spika, yaani hizo omu zake, ambao haubaki omu 8 kama ilivyoandikwa nyuma ya kasha, bali hupanda na kushuka kufuatana na frikwensi, yaani wembamba au uzito wa sauti. Tuseme unashuka hadi omu 4 mahali fulani na kupanda hadi 20 penginepo. Amplifaya ya aina hii, isiyo na mrejesho, yaani isiyorudisha sehemu ya sauti inayotoka ili kujisahihisha, inaweza kuwa na ukinzani wake wa ndani wa omu 3. Ukipiga hesabu, penye omu 20 spika itapata volti nyingi kuliko penye omu 4, kwa tofauti ya karibu desibeli 3.6, na sauti za hapo zitasikika kwa nguvu zaidi. Amplifaya ya transista yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.1 ingeleta tofauti isiyofika hata desibeli 0.2.

SALMA: Kumbe amplifaya ile ile hubadili tabia kila inapobadilishiwa spika.

JUMA: Ndiyo, na ndiyo sababu napendelea spika ya desibeli 87 yenye ukinzani uliotulia kuliko ya 91 inayoyumbayumba.

SALMA: Na mwenye spika ya omu 8 ambaye besi yake imelegea?

JUMA: Azime amplifaya, kisha ahamishie waya kwenye kituo cha omu 4 cha transfoma ya kutolea sauti, yaani tundu la waya wa spika lililoandikwa omu 4 nyuma ya amplifaya. Wati zitapungua kidogo, lakini ukinzani wa ndani utashuka kwa nusu, na aghalabu besi hukaza.

SALMA: Isipotosha?

JUMA: Aongeze sabwufa, yaani spika ya besi peke yake, yenye amplifaya yake, kisha aweke kichujio cha kuzuia besi kabla ya amplifaya ya valvu ili kila kilicho chini ya hezi 80 kisiifikie. Besi ndiyo hula sehemu kubwa ya wati, kwa hiyo zile 8 zitabaki kwa sauti za waimbaji na ala za juu. Kichujio kisipokuwepo, sabwufa itaongeza besi tu bila kuipunguzia valvu mzigo.