Prosesa Yenye K: Unalipia Nini Hasa?

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuna swali la msikilizaji wa Tanga. Anaunda kompyuta ya kucheza gemu na kuhariri video kidogo, na amekwama kati ya prosesa mbili za Intel, Core i5-12400F na i5-12600K. Muuzaji kamwambia, "Chukua yenye K, baadaye utaiovakloki," yaani uikimbize kupita kasi ya kiwandani. Bakari, mbona unacheka?

BAKARI: Hiyo "baadaye" ndiyo inanichekesha, dada. Wangapi wanaifikia?

REHEMA: Tumweleze kwanza K ni nini.

BAKARI: Kasi ya prosesa ni hesabu ya kuzidisha. Kuna saa ya msingi, megahezi 100, unaizidisha kwa namba fulani, ndiyo kizidishi. Mara 44, umepata gigahezi 4.4. Kwenye K wamekuachia hiyo namba, unaingia BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla kompyuta haijawaka, unaipandisha mwenyewe. Isiyo na K wameifunga, basi.

REHEMA: Sasa hela. Zilipotoka, bei ya Intel ilikuwa dola 167 kwa 12400F na dola 289 kwa 12600K. Tofauti dola 122, kabla hata dukani hawajaweka chao.

BAKARI: Na hapo hujagusa bodi, ile sakiti kubwa unayochomekea prosesa. Kizidishi kinafunguka kwenye bodi zenye herufi Z, kama Z690. Ukiiweka K kwenye bodi ya B660 inawaka vizuri tu, inafanya kazi, ila ile namba haibadiliki. Nawajua watu wamekesha wakitafuta hiyo menyu kwenye B660.

REHEMA: Masikini! Halafu feni. 12400F ya boksi inakuja na feni yake. K haina, unanunua pembeni, na ukitaka kuisukuma usinunue ya bei chee.

BAKARI: Kwa sababu ya joto. Umeme unaoliwa unapanda na kasi, na kwa volti unapanda kwa kipeo cha pili. Ongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10, matumizi yanapanda kama theluthi hivi. Na umeme wote huo unageuka joto.

REHEMA: Tanga, mwezi wa pili, chumba hakina AC. Feni inavuta hewa ya nyuzi 32, unataka ipoze nini?

BAKARI: Sawa, lakini usinilazimishe niikane ovakloki. Mwaka 2011 i5-2500K ilikuwa dola 216, na 2500 ya kawaida 205. Dola 11 tu! Ilitoka kiwandani na gigahezi 3.3, na kwa feni nzuri ya kawaida wengi waliifikisha 4.5. Hiyo ni zaidi ya theluthi.

REHEMA: Na huyo muuzaji bado anaishi mwaka 2011. 12600K yenyewe, bila kuguswa, inapanda hadi 4.9. Kiwanda kimeshakamua karibu chote. Ukihangaika wikiendi nzima ukafika 5.1, umeongeza asilimia 4. Gemu iliyokuwa fremu 100 kwa sekunde, ukibahatika sana utaona 104.

BAKARI: Na hapo kama haizimiki. Maana unaipima dakika kumi, safi kabisa, unajipongeza. Halafu unarenda, yaani unatoa faili la mwisho la video ya harusi ya mtu, imefika asilimia 80, skrini bluu. Unarudi BIOS unaongeza volti, joto linapanda tena.

REHEMA: Kwa hiyo K hapana?

BAKARI: Subiri. 12600K ina kori 10, yaani vichwa vya kufanyia kazi, 12400F ina 6. Kwenye kurenda video hizo nne za ziada utaziona, hata kama ni zile ndogo. Mtu akinunua K kwa ajili ya kori, akaiweka kwenye B660 na kuiacha kama ilivyo, mimi sina neno.

REHEMA: Si sasa hivi ulikuwa unawacheka wa B660?

BAKARI: Nimewacheka wanaotafuta menyu!

REHEMA: Haya. Na upande wa AMD, washindani wa Intel?

BAKARI: Kule usumbufu ni mdogo. Ryzen 5 5600 kizidishi kiko wazi, bodi ya B550 inatosha, na feni ipo kwenye boksi. Ila bodi ya A520 usinunue kama unataka kuchezea kasi. Mimi kwa joto letu ningefanya kinyume: ningepunguza volti kidogo kwenye BIOS. Inapoa, na mara nyingi inashika kasi yake ya juu kwa muda mrefu zaidi.

REHEMA: Basi ndugu yetu wa Tanga, kama gemu ndiyo kazi kubwa, chukua 12400F na B660. Hela ya bodi ya Z, ya feni na tofauti ya prosesa ipeleke yote kwenye kadi ya grafiki. Hiyo F maana yake haina grafiki ya ndani, bila kadi hupati picha hata kidogo.

BAKARI: Na RAM, nunua mbili za GB 8, siyo moja ya 16. Halafu uwashe XMP, ule mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake iliyotangazwa, B660 inakubali.

REHEMA: Hiyo nayo si ovakloki?

BAKARI: Ni ovakloki, dada. Ila hiyo hulipii bodi ya Z.