Chupa ya Maharage Vitani: Klabu za Sekondari za Marekani, 1941–1945

Asanteni. Kaeni, kaeni jamani. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na anayenijua anajua sijawahi kumaliza jambo kwa dakika ishirini. (Kicheko.) Wengine mmeshanisikia nikilisema hili. Vumilieni. Nitanyamaza siku nitakapoacha kusikia walimu wakiita sayansi kimu "somo la chapati".

Leo twende Marekani, sekondari za vijijini, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita yenyewe mnaifundisha, sina haja ya kuirudia. Jueni tu kwamba tangu sheria ya 1917 serikali ya kule ilikuwa ikitoa fedha za kufundishia kilimo na sayansi kimu, kwa hiyo vita ilipoingia walimu walikuwapo na klabu zilikuwapo. Wavulana walikuwa na FFA, chama cha wakulima wa kesho, kilichoundwa Kansas City mwaka 1928, na tangu 1933 wana koti lao la buluu. Msichanganye na 4-H, klabu nyingine ya vijana, ile iliyowapa Wakenya wazo la klabu zao za kilimo za 4-K. Hiyo ni habari nyingine.

Sasa sikilizeni. Bati la kutengenezea mikebe lilitoka kwa wingi nchi ya Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo. Mjapani akaichukua Malaya. Kufika Machi 1943, vyakula vya mikebe Marekani vinauzwa kwa pointi: una fedha mkononi, lakini pointi zikiisha unarudi nyumbani mikono mitupu. Serikali ikasema, limeni nyuma ya nyumba, msindike wenyewe kwenye chupa. Hapo ndipo wakubwa walipogundua kwamba kusindika ni elimu.

Najua mtu hapo anasema moyoni, si kuchemsha tu? Bibi yangu alichemsha. Haya, bibi yako alichemsha nyanya. Nyanya ina uchachu wake, unailinda. Chukua maharage mabichi, yale ya kijani. Hayana uchachu. Kuna bakteria anaitwa klostridia botulinum, anaishi kwenye udongo, na mbegu zake ukizichemsha kwenye maji ya kawaida hazifi. Unafunga chupa, hewa hakuna, na yeye hewa haitaki! Umemjengea nyumba. Anatoa sumu inayolegeza misuli mpaka mtu anashindwa kupumua, na chupa unaweza kuifungua usione kitu, usinuse kitu. Kumuua unahitaji nyuzi 116 za Selsiasi hivi, na maji hayafiki huko mpaka uyabane kwa presha. Ndiyo presha kuka, yenye geji juu.

Na metali ya kutengenezea hizo presha kuka imekwenda kwenye silaha. Kwa hiyo watu wakatumia zilizopo kwa pamoja. Kusini kwa Marekani, Georgia hasa, shule zilifungua vituo vya kusindika chini ya walimu wa kilimo na wa sayansi kimu. Kina mama wanafika na makarai ya maharage. Na msichana wa miaka kumi na tano, aliyefundishwa, ndiye anayeweza kumwambia mama wa watoto saba: subiri kwanza mama, usifunge valvu, acha mvuke utoke. Kwa nini? Kwa sababu hewa ikibaki ndani, geji itasoma pauni kumi za presha na joto halijafika. Geji inadanganya! Na presha ikishuka katikati, unaanza kuhesabu dakika upya, hata kama jua linazama. Baadaye chupa zinapangwa mezani zipoe, na vifuniko vinaingia ndani kimoja kimoja: tik... tik... tik. Kisichotoa tik, chupa hiyo usiiweke kabatini.

Nikiwa kazini, mkuu mmoja wa shule alinichukulia vipindi vya vitendo ili watoto wafanye marudio ya hesabu. Nikamwuliza, nyuzi 116 kwa pauni kumi, hiyo si hesabu? Akasema, "Mwalimu umeanza tena." (Kicheko.) Naam, nilianza tena. Mpaka leo.

Nigusie sufi, maana watu wa pwani mtanielewa. Mito mnayolalia, sufi ile ile ilijazwa kwenye jaketi okozi za mabaharia. Ilitoka kisiwa cha Java, Indonesia ya leo. Mjapani akaichukua na Java. Basi mwaka 1944 wanafunzi wakatumwa porini kuchuma maganda ya gugu lenye utomvu mweupe kama maziwa, ndani yake mna nyuzi nyepesi zinazoelea. Wakayaanika kwenye magunia ya vitunguu, yakining'inia kwenye nyua. Magunia mawili, jaketi moja, roho moja. Gugu ambalo mkulima alikuwa akiling'oa kwa matusi!

Mtaniambia, mwalimu, unamrudisha msichana jikoni. La. Tazameni tarehe, ndipo hasira yangu ilipo. Klabu ya taifa ya wasichana, FHA, iliundwa Chicago Juni 1945. Hitler amekufa wiki sita zilizopita! Vita nzima hawa watoto wamesindika, wameshona viraka, wamekusanya mafuta ya kikaangoni ili yatolewe gliserini ya baruti, na hawana chama kimoja cha taifa cha kuwaandika jina. Na ile FFA ya makoti ya buluu haikuwafungulia wasichana mlango mpaka 1969.

Wavulana nao... walitengeneza matrekta mabovu kwa sababu mapya hayakupatikana, walikusanya vyuma chakavu. Walifanya kazi, sikatai. Mtayasoma.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na kurasa nne juu ya vijana weusi, maana shule za Kusini zilitengwa kwa rangi. Wavulana walikuwa na NFA yao, iliyoundwa kitaifa Tuskegee mwaka 1935, rangi nyeusi na dhahabu. Wasichana wakapata NHA mwaka 1945. Mwaka 1965 wavulana wa NFA wakaambiwa na FFA, tunaungana. Kuungana kwenyewe, jina likabaki FFA, koti likabaki la buluu. Nyeusi na dhahabu ikakunjwa ikawekwa sandukuni. Hizo kurasa nne nitazisoma mkinialika tena.

Haya, maswali. Mama wa kule nyuma, wewe umetikisa kichwa tangu kwenye maharage. Anza wewe.