Kilo za Mjini, Kilo za Kijijini

MWENDE: Karibuni tena wasikilizaji. Baraka, juzi nilipita Kencom, hapa katikati ya Nairobi, nikamkuta yule kijana wa mizani ya kando ya barabara. Nikampa hela yake, nikavua viatu, nikapanda. Kilo 81. Nilipotoka Makueni nilikuwa na 62.

BARAKA: Miaka mingapi hiyo?

MWENDE: Tisa. Na mama akiniona hufurahi kweli. "Nairobi imekukubali, mwanangu."

BARAKA: Wengi wetu tumesifiwa hivyo. Ukinenepa, umefanikiwa. Ukikonda, watu wanauliza kama unaumwa.

MWENDE: Lakini nikikumbuka maisha ya kule! Mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka mtoni hadi nyumbani, tena mlimani. Hizo ni kilo 20, kila siku. Hapa maji yanakuja kwa mkokoteni hadi mlangoni. Mimi nimekaa dukani tangu alfajiri hadi saa tatu usiku. Mchana chapati mbili na chai ya sukari, jioni chipsi.

BARAKA: Na si wewe peke yako. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2014 uliwapima wanawake wa miaka 15 hadi 49. Wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 43 mjini, na 26 mashambani.

MWENDE: Subiri, hiyo 26 si mmoja kati ya wanne? Mashambani?

BARAKA: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Mwaka 2019 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vipimo vya watu wazima zaidi ya milioni 112, kuanzia 1985 hadi 2017. Zaidi ya nusu ya ongezeko la uzito duniani ilitoka vijijini. Trekta limechukua nafasi ya jembe, barabara na bomba zimefika, na vyakula vya viwandani vikafuata.

MWENDE: Na sisi huku?

BARAKA: Wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa tofauti. Kwao uzito uliongezeka zaidi mjini.

MWENDE: Basi naomba mama wa mjini asiambiwe ni mvivu. Kuchemsha githeri, yaani mahindi na maharagwe, ni saa nzima na zaidi, na makaa ni bei. Chipsi ziko tayari hapo kwa kibanda. Na akifunga duka saa tatu usiku, atatembea mazoezi wapi, kwenye giza la mtaa?

BARAKA: Kweli kabisa. Mimi nahofia kijijini sasa. Pita duka lolote la huko uone soda, mafuta ya kupimwa, mikate, na bodaboda inangoja nje.

MWENDE: Mama aliwekewa bomba la maji mwaka jana, na tulishukuru Mungu, maana mgongo ulikuwa umechoka. Jana nikampigia, nikamwuliza siku hizi anatembea kwenda wapi. Akanyamaza kidogo. "Kanisani," akasema.