Ukikuta swichi ya mlango wa maikrowevu imeungwa kwa waya, usiiwashe

Mtwara kuchele! Na Lindi pia, msije mkasema nimewasahau. Shikamooni wazee wangu, wadogo zangu hamjambo. Hapa Leicester ni saa moja jioni na giza limeingia kitambo. Huko najua ni saa nne, mmeshakula, watoto wamelala. Basi kaeni na mimi kidogo.

Mnaiona hii mezani? Ni maikrowevu ya jirani yangu, kesho anakuja kuichukua. Kazi yangu hapa ndiyo hii, kutengeneza vyombo vya umeme vya jikoni, mwaka wa tisa sasa. Leo nimeiazima nipate kuwaonyesha kitu nilichokikuta ndani ya maikrowevu ya mama yangu, pale Ligula, mwezi Desemba. Tangu nirudi nimeshapokea ujumbe wa watu wanne wenye hadithi ileile, na nimeona nikinyamaza nitakuwa nimekosa.

Ilianza kwa simu ya video. Mama alikuwa anawapashia wajukuu wali wa nazi na samaki. Tunaongea, mimi namwona yeye na meza ya jikoni. Akafungua mlango wa maikrowevu, na mngurumo ukaendelea. Sekunde mbili hivi, ndipo ikanyamaza. Sasa sikilizeni, zipo maikrowevu ambazo feni inaendelea kuzunguka baada ya chakula kuiva, hiyo ni kawaida na sauti yake ni nyepesi, ya upepo. Mimi nilichosikia ni ule mngurumo mzito wa transfoma ikiwa na mzigo. Naujua kama ninavyoijua sauti ya mama mwenyewe. Na mjukuu wa miaka minne alikuwa amesimama palepale, kile kimeza ni kifupi, uso wake uko sawasawa na mlango.

Nikamwambia, "Mama, chomoa plagi. Usiiguse tena mpaka nije."

"Kwani ina nini? Fundi ameirudisha juzi tu, inafanya kazi vizuri. Na mkaa utanunua wewe?"

Nikamjibu ndiyo mama, mkaa nitanunua mimi. Na nilinunua, miezi mitatu.

Desemba nikafika. Kwenye begi nilikuwa na swichi tatu za mlango, fyuzi mbili, na karatasi moja ya maika. Maika ndiyo ule ulanga wanaoujua wazee, madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka na hayaungui kirahisi. Tukatandika mkeka barazani, mimi na mpwa wangu aliyesomea umeme pale VETA Mtwara, tukaifungua.

Jamani. Ngoja nisogeze kamera kwenye hii ya jirani ili mwone inavyotakiwa kuwa, halafu niwaambie ya mama ilivyokuwa. Hapa upande wa kulia, nyuma ya mlango, mnaona hizi swichi ndogo nyeusi, moja, mbili, tatu? Mlango una ndoano mbili za plastiki. Ukifunga, ndoano zinazibonyeza. Mbili kati ya hizi kazi yake ni kuruhusu umeme upite mlango ukiwa umefungwa, na kuukata mlango ukifunguliwa; mojawapo ndiyo ninayoiita swichi kubwa. Hii ya tatu ni mlinzi wa wenzake. Mlango ukiwa wazi, yenyewe inaunganisha nyaya mbili za kwenda kwenye transfoma. Kwa hiyo ikitokea swichi kubwa imeganda na umeme bado unapita wakati mlango uko wazi, huyu mlinzi anapiga shoti kwa makusudi, fyuzi inaungua, maikrowevu inakufa papo hapo. Yaani imeundwa ijiue yenyewe kabla haijakudhuru wewe.

Sasa fikirieni maikrowevu ambayo kila ukifungua mlango fyuzi inaungua. Unaweka mpya, siku mbili, imeungua tena. Fundi aliyefundishwa anajua hapohapo kwamba swichi kubwa imechoka, vidole vyake vya ndani vimeunguzana na kugandana, na mlinzi anafanya kazi yake. Dawa yake ni kubadilisha swichi zote tatu pamoja na fyuzi. Ni vitu vidogo vya bei ndogo.

Aliyeitengeneza ya mama alimwona mlinzi ndiye mkorofi. Akamng'oa. Tundu lake lilikuwa tupu, nyaya zake zimezungushiwa utepe mweusi. Swichi kubwa akaiunga moja kwa moja kwa kipande cha waya mwekundu. Na kwenye fyuzi, ndugu zangu, alizungusha uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa ekstensheni, mara tatu. Kinga zote zikaondoka, ikabaki swichi moja, na hiyo moja ndoano yake ya plastiki ilikuwa na ufa. Ndiyo maana ilikuwa inachelewa kuzima.

Simtaji huyo fundi, na najua ana watoto wanaokula kwa kazi yake. Lakini nilikasirika, na hata sasa nikiongea nimekasirika. Mawimbi ya maikrowevu si mionzi ya kutia sumu kwenye chakula. Chakula kikishatoka kimetoka, hakibaki na kitu ndani yake, hilo msitishane. Hatari ni kwamba yanapasha moto nyama yoyote yenye maji, yawe ya samaki au ya mtu. Na jicho ndilo baya zaidi, kwa sababu lenzi iliyo ndani yake haina mishipa ya damu ya kuondoa lile joto. Mtoto wa miaka minne, uso kwenye mlango.

Kwa hiyo swali la kumwuliza fundi akikurudishia maikrowevu ni hili: "Swichi za mlango umebadilisha au umeunga?" Mwombe akupe zile mbovu uzione. Akisema ameunga, usiiwashe, hata kama inapasha vizuri.

Nawaambia vijana wa kazi pia, hizi swichi zinafanana kwa sura lakini hazifanani. Mbili zina miguu ya aina moja, ya mlinzi ni kinyume chake, yenyewe imeungana wakati haijabonyezwa. Ukizichanganya fyuzi inaungua siku hiyohiyo, utarudi kulekule kwenye uzi wa shaba. Piga picha kabla hujachomoa waya hata mmoja. Mpwa wangu alipiga picha kumi na mbili, na tulizihitaji.

Hapa sasa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Kufungua hili ganda la nje si kazi ya mwenye nyumba. Mnaona hiki kikopo cha bati? Hii ni kapasita. Someni ubavuni, volti 2100. Transfoma inapokea volti 230 za ukutani na kutoa kama 2,000, halafu kapasita na dayodi zinaupandisha umeme ufike kama 4,000 kwenye magnetroni, ile inayozalisha mawimbi. Na kapasita inatunza umeme. Umechomoa plagi, umekunywa chai, umerudi, bado inaweza kuwa nao. Ndani yake kuna kirezista cha kuumaliza polepole, lakini nacho kinakufa, na kikifa hakuna alama ya nje. Fundi anayejua anaumaliza kwanza kwa kifaa chenye kinga ndipo mkono uingie. Mpwa wangu nilimkalisha pembeni mpaka nilipomwona anafanya hilo mara mbili bila kukumbushwa.

Na kuna jambo linaniuma kwa sababu ya kwetu, kwa wachonga vinyago. Zinazunguka video za watu wanaotoa transfoma ya maikrowevu mbovu na kuitumia kuchora mbao kwa umeme, mistari inatokea kama matawi ya mti, inapendeza sana. Kule Marekani mchezo huo umeshaua watu wengi, na chama cha wakereza mbao cha kule kimepiga marufuku mtindo huo kwenye shughuli zake. Kijana wa Mtwara mwenye patasi na kipande cha mpingo hahitaji ile kitu. Maikrowevu ikifa moja kwa moja, transfoma yake isiachwe mikononi mwa watoto.

Haya. Yale unayoweza mwenyewe, plagi ikiwa imechomolewa, ni mengi, na ndiyo yanayosumbua watu kila siku.

Cheche ndani. Watu wengi wakiona cheche wanaitupa. Angalia ukuta wa ndani upande wa kulia, pana kikaratasi cha kijivu chenye kung'aa. Hiyo ndiyo maika, inaziba mlango wa mawimbi. Mafuta ya samaki na tui yakirukia pale yanaungua, yanageuka makaa, na makaa yanavuta umeme. Ya mama ilikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa shilingi mia. Nikaitoa kwa kucha, nikailaza juu ya karatasi mpya, nikaizungushia penseli, nikakata kwa mkasi wa kushonea. Dakika kumi, pamoja na mama kunikumbusha nirudishe mkasi wake mahali pake. Kabla ya kuweka mpya futa ule ukuta vizuri. Chemsha jikoni maji na limau, yaweke humo kwenye bakuli, funga mlango, acha mvuke ulainishe, futa. Na rangi ya ndani ikibanduka mpaka bati linaonekana, napo patarusha cheche. Kwetu chumvi ya bahari inakula bati haraka, msingoje. Kuanzia hapo funika chakula kwa kifuniko cha plastiki cha maikrowevu, maika itakaa miaka.

Sahani haizunguki. Inua sahani, toa kile kiduara chenye magurudumu, osha. Katikati kuna kipande cha plastiki chenye pembe tatu, kikipasuka sahani inasimama huku mota ni nzima. Kama ni mota yenyewe, basi soma maandishi yake kabla ya kununua nyingine. Zipo za volti 21, za volti 30 na za volti 220 mpaka 240, zote sura moja. Ukifunga ya volti 21 mahali pa 220 itaungua mbele ya macho yako.

Imekufa kabisa, haina hata taa. Kabla ya fundi, fungua plagi. Zile plagi za pini tatu bapa zina fyuzi ndogo ndani. Nimeona maikrowevu nzima imekaa stoo mwaka kwa sababu ya hiyo.

Taa inawaka, sahani inazunguka, chakula baridi. Pima hivi: lita moja ya maji ya kawaida kwenye bakuli la kioo, dakika mbili kwenye moto wa juu. Koroga, pima joto limepanda digrii ngapi, zidisha kwa 35. Ikipanda digrii 20 una kama wati 700, iko sawa. Isipopanda kabisa, tatizo ni kule kwenye umeme mkubwa, ni kazi ya fundi, na ikiwa ni magnetroni nitakwambia ukweli, mara nyingi hailipi. Weka hiyo hela kwenye mpya.

Kwa mlio na ndugu Marekani, wasiwatumie maikrowevu ya kule. Ni ya volti 120 na mzunguko wa hezi 60, sisi ni 230 na 50. Mtu atakuuzia transfoma ya kushusha volti, lakini hiyo haibadilishi hezi, na ya ndani itachemka mpaka iungue. Ya Uingereza inaingia ukutani kwetu bila shida. Na umeme ukikatika, chomoa plagi, usingoje urudi. Ule unaorudi kwa kishindo ndio unaoua kadi ya vitufe.

Vipuri ni tatizo kila mahali, si kwetu tu. Hapa Uingereza kanuni za mwaka 2021 zinawabana watengenezaji watoe vipuri vya mashine za kufulia, friji na televisheni, lakini maikrowevu haimo. Mimi swichi natafuta moja moja, nyingine natoa kwenye zilizokufa.

Sasa tazameni hiki kiboksi. Kina swichi ishirini na nne, nimezifunga tatu tatu na kila kifungu nimekiandika. Fyuzi kumi, maika karatasi sita. Kinaondoka Jumamosi na dada mmoja anayekuja nyumbani, kitafika kwa mpwa wangu Ligula. Ameshaambiwa swichi hizi haziuzwi kando, anayeletewa maikrowevu anafungiwa zote tatu na anaonyeshwa zile za zamani. Wa Lindi, najua ni safari, lakini mkiwa mnakuja Mtwara kwa shughuli nyingine ibebeni. Na mkienda kwake msiende na maikrowevu peke yake, chukueni na sahani yake na kile kiduara cha chini, maana wengi wanaviacha nyumbani halafu hawezi kuijaribu.