Muulizeni baba habari za shangazi

Wenzangu, nimepewa mada ya macho, na wanaonijua wanajua nitafika kwenye ovari, vifuko vya mayai ya mwanamke. Ninyi madaktari wa macho msitoke ukumbini, haya nayasema kwa ajili yenu.

Mtoto wa kike anazaliwa na macho membamba. Kope za juu zimelegea, ngozi imejikunja kutoka kope la chini kupanda kuelekea puani, na pembe za ndani za macho zimeachana mno. Akianza kutembea utamwona ameinua kidevu na kukunja paji la uso ili aone mbele. Mnamtambua vizuri tu. Mnaandika BPES, jina fupi la ugonjwa huu wa kurithi wa kope, kwenye faili, mnampasua, kope zinanyanyuka, wazazi wanashukuru na kwenda zao. Ovari hazikutajwa na mtu. Hapo ndipo ninapogomba.

Jeni inayoleta ugonjwa huu ikiharibika ni FOXL2, iko kwenye kromosomu ya 3, na ilitambuliwa mwaka 2001. Inafanya kazi kwenye kope zinapojengeka tumboni, na pia kwenye seli zinazolizunguka na kulilea yai ndani ya ovari. Anayeshangaa jeni moja kugusa uso na uzazi akamtazame mbuzi: kipande cha DNA kikikosekana karibu na jeni hiyohiyo, mbuzi haoti pembe, na jike aliyerithi kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili anageuka dume kimaumbile na hazai. Kwa binadamu BPES ina aina mbili, na zimetofautishwa tangu 1983. Aina ya pili ni kope peke yake. Ya kwanza, pamoja na kope, ovari zinaacha kazi kabla ya miaka 40, wakati mwingine msichana akiwa bado mbichi kabisa.

Sasa nije kwa shangazi. Nakala moja mbovu ya jeni inatosha kuleta ugonjwa, kwa hiyo kila mtoto wa mzazi mwenye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Lakini katika aina ya kwanza wanawake wengi hawajaliwi watoto, na wanaume wanazaa kama kawaida. Basi ugonjwa unapita kwa akina baba. Na sisi tukichukua historia ya ukoo tunamuuliza nani? Mama! Mama anasema hedhi yake haina tatizo, dada zake wote wana watoto, nasi tunaandika "hakuna ugumba katika familia". Utaupataje, umeuliza upande usiohusika? Baba amesimama mlangoni na kope zilezile za mtoto, hakuna anayemwangalia. Muulize: una dada mwenye macho kama yako? Alizaa? Hedhi yake ilikoma lini? Ndipo anapotajwa shangazi mtu, aliyeachika kwa kukosa mtoto, na miaka yote hiyo hakuna aliyehusisha macho yake na tumbo lake.

Najua kuna anayenung'unika hapo nyuma kwamba nawatisha watu kwa ajili ya mtoto wa miaka minne. Simwambii mtoto, nawaambia wazazi wake. Na siwaambii kwamba binti yao ni mgumba, nawaambia afuatiliwe. Shangazi akiwa mzima, au asipokuwepo kabisa, msijipe moyo: wagonjwa wengi ndio wa kwanza katika ukoo wao, na hata kipimo cha jeni si kila mara kinaonyesha ni aina gani. Hivyo akivunja ungo apimwe homoni na mwenendo wa hedhi uangaliwe. Mayai yakiwa bado yapo, yanaweza kugandishwa. Yakiisha hayarudi kwa dawa yoyote. Itabaki yai la mwanamke mwingine, na mimba ataibeba mwenyewe kwa sababu mji wa mimba hauna kasoro.

Naona naonyeshwa saa. Upasuaji nauruka, mnaujua kuliko mimi, ila kope likifunika mboni msingoje, jicho litazoea kutoona.

La mwisho ni la mwanamke ambaye hedhi imekwisha akiwa kijana. Msimalizane naye kwa habari ya watoto tu. Bila estrojeni, homoni ya kike inayotengenezwa na ovari, mifupa yake inadhoofika na moyo nao unaingia hatarini. Kama hakuna kinachomzuia kutumia, apewe homoni hiyo mpaka afike umri wa kawaida wa kukoma hedhi, karibu miaka 50, hata kama amekwambia hataki mtoto.