Chale za gundi kwenye chupa

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo niko Mikindani, barazani kwa shangazi. Wengi tukishika bunduki ya gundi, ile ya umeme inayoyeyusha vijiti vya gundi, tunawaza kubandika tu. Leo hatubandiki kitu, gundi yenyewe ndiyo pambo.

Tazameni hii niliyoimaliza jana. Hii mistari ya kwenda pembepembe nimeichukua kwenye chale za bibi zetu wa Kimakonde. Yote ni gundi tupu.

Chupa ya kioo ioshe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, ikaushe, halafu ipige msasa. Usiruke hapo: kioo kikiwa laini, gundi inabanduka kama gamba. Chora mistari kwa maka peni.

Chomeka bunduki, subiri kama dakika 5. Yangu ndogo, inakula vijiti vya milimita 7. Isimamishe kwenye mguu wake, usiilaze. Zima feni na uupe mgongo upepo wa bahari, la sivyo gundi itakufumia utando wa buibui.

Sasa angalia mkono wangu. Hautembei, ninachozungusha ni chupa. Ncha inagusa kioo kidogo tu, nabonyeza taratibu. Nikikaribia mwisho wa mstari naacha kubonyeza, nazungusha ncha kidogo, ndipo nainua. Ukitaka mstari mnene, ngoja wa chini upoe kwanza, kisha pita juu yake.

Hapa nimekosea, mnaona? Usikwangue. Chomoa bunduki, iweke mbali, maana spiriti inashika moto. Dondosha tone la spiriti ya duka la dawa ukingoni mwa mstari, utang'oka wenyewe.

Gundi ikikuangukia kidoleni, usiivute, ngozi itaifuata. Weka kidole kwenye maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20.

Ikishapoa yote, paka rangi nyeusi, mara mbili. Ikikauka, chukua kitambaa chenye dawa ya viatu ya kahawia, kipitishe juujuu kwenye mistari tu. Utadhani mpingo! Ila ukiuza sema ni chupa, wachongaji wakikusikia unaiita mpingo mtagombana.

Na usiiweke juani. Yangu ya kwanza niliiacha kwenye gari lililofungwa vioo, saa nane mchana. Niliporudi, chale zilikuwa zinateremka kama jasho.